Mjusi aliyekuwa akila pamoja na baba mkwe wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Eldoret. Mvua imenyesha tangu saa nane, nimetoka kazini mapema, na nimekaa hapa na chai ya tangawizi na jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Kanisani sijalisema. Kazini sijalisema. Nyumbani ndiyo siwezi kabisa. Nitawaeleza lilivyokuwa, hata pale nitakapoonekana mjinga. Atakayeona ni hadithi ya kutunga apite tu, sitamkasirikia.

Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mimi ni mtu wa magharibi, kwetu ni upande wa Malava, lakini Eldoret nimekaa miaka kumi na tano. Nafanya kazi kwenye agrovet mjini. Nauza chakula cha ng'ombe, dawa za minyoo, mbegu, chumvi ya mifugo. Wife tumwite Jemutai. Ni Mkalenjin wa huku huku, kwao ni kijiji cha Ziwa, na anafundisha watoto wa chekechea. Tunapanga nyumba upande wa Chepkoilel. Watoto wetu wawili wako boarding.

Mama mkwe alifariki mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili. Mzee akabaki peke yake Ziwa na ng'ombe wake na shamba la mahindi. Alikuwa na sukari, na kidonda mguuni kilichokataa kupona.

Wife alikuwa akimpigia simu kila jioni kumuuliza kama amekula. Anajibu amekula. Kumbe wapi. Mwezi wa nne tulienda kumwona tukakuta suruali ameifunga kwa kamba ya gunia.

Tukamleta town.

Sasa, wale mmeoa mnajua mambo ya mkwe. Kwetu baba mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Lakini umbali utautoa wapi kwenye nyumba ya vyumba viwili? Tukikutana kwenye korido mmoja wetu anarudi nyuma. Yeye aliniita sandana, yaani mkwe wangu. Mimi nilimwita Mzee. Baada ya salamu maneno yanaisha, tunaangalia taarifa ya habari, kila mmoja akishukuru kwamba mtangazaji anaongea.

Clinic walitupa karatasi ya diet. Nusu sahani mboga, ugali kiasi cha ngumi, protein, mafuta kidogo, chai bila sukari. Nilifurahi, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yangu ya kila siku. Mkulima akija analalamika ng'ombe amekonda, namuuliza: unampa nyasi gani, dairy meal kiasi gani, madini je? Nikajiambia huyu Mzee atakuwa amenenepa kabla ya mahindi kufika magotini.

Mzee alikuwa akiangalia sahani, anashukuru vizuri, anakula tonge mbili, anaisukuma.

Wife akapika mboga ya managu na maziwa vile mama yake alivyokuwa akipika. Tonge mbili. Kuku wa kienyeji, tonge mbili. Hakukataa kwa hasira, na hapo ndipo tuliteseka. Angegomba tungejua shida iko wapi.

Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, nikasikia wife amepiga kelele chumbani kwa Mzee.

Mjusi. Wale wa ukutani, gecko, wenye vidole vya kubandika. Alikuwa ameanguka kutoka dari hadi kitandani, na mkia wake ulikuwa umekatika, umebaki kisiki. Wife ameshainua fagio. Mzee, amekaa palepale kitandani, akanyoosha mkono.

"Wacha huyo. Amekuja kwa kitanda yangu mwenyewe. Hajapotea."

Akamfunika kwa kofia yake. Halafu akanigeukia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia kwa mara moja. "Sandana, tafuta kitu ya kumweka asikanyagwe. Na umtafutie chakula. Hajakula huyu."

Mimi nilichoelewa ni kwamba Mzee amepata kitu cha kumchangamsha. Nilishasikia kwamba mzee akiwa na pet anapata nguvu ya kuishi. Wenzetu wana paka, sisi tumepata mjusi, haya.

Nilileta sanduku la plastiki linaloonyesha ndani, nikatoboa matundu, nikaweka gome la mti, kizibo cha soda chenye maji, na juu yake balbu ya kupasha vifaranga joto. Baridi ya Eldoret mnaijua.

Jioni hiyo nilimwekea funza wale wa kulishia kuku. Akawaangalia tu. Nikamwekea mende mdogo. Akajificha nyuma ya gome. Wife alipoleta chakula, Mzee akauliza, "Huyo amekula?"

Nikasema bado.

Akasukuma sahani. "Basi na mimi nitangoja."

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu jioni nondo aliingia dirishani, wale vipepeo wa kuzunguka taa. Nikamshika, nikamwachilia ndani ya sanduku. Mjusi akageuza kichwa polepole, akatega, akaruka. Nondo kwisha.

Nikasema, "Amekula, Mzee."

Mzee akavuta sahani. Alikula ugali wote na managu, akaomba nyongeza. Wife aliingia jikoni akalia kimya kimya, mimi nikabaki namwangalia yule mjusi, nikajiapiza kwamba nitamlisha kama ng'ombe wa maonyesho.

Kwa wanaofuga, au wanaofikiria kufuga, hapa nisikilizeni. Mjusi ni mchaguzi kuliko mtoto wa miaka mitatu. Wangu alitaka nondo tu. Na nilisoma mtandaoni kwamba mdudu wa aina moja kila siku ni kama ugali bila mboga maisha yako yote. Bila calcium mifupa inalainika, miguu inapinda, anashindwa hata kupanda ukuta.

Nikaanza programme. Nyenje na panzi niliwashindisha kwa karoti na sukuma wiki siku nzima kabla ya kumpa, kwa sababu anachokula mdudu ndicho mjusi atakachopata. Maganda ya mayai niliyakausha nikayasaga. Nyenje anaingia kwenye mfuko wa karatasi na unga huo, natikisa, anatoka mweupe kama mtu wa posho mill.

Mjusi anamshika, anatema, anafuta mdomo kwenye gome. Nilikasirika wakuu, siwafichi.

Kilichonisaidia ni hila. Unga nikaupunguza hadi uwe vumbi tu. Nikamwacha siku moja bila chakula ili njaa imfundishe adabu. Mdudu nikamshika kwa kibano nikimtingisha, maana kisichotembea kwake si chakula. Nampa nondo kwanza, halafu kabla hajajua kinachoendelea, nyenje. Na mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Ilichukua wiki tatu.

Na kila hatua ya mjusi, Mzee alifuata. Hatukuwahi kukubaliana kwa mdomo, ilikuja tu ikawa hivyo. Mjusi akionja kitu kipya, Mzee naye anaonja kitu kipya kwenye ile karatasi ya clinic.

Siku mjusi alipomeza nyenje wa kwanza nilipika omena mwenyewe, kwa nyanya na dhania, kama kwetu. Mnajua mzee wa Kikalenjin wa umri ule na samaki ni mbingu na ardhi. Akashika mmoja kwa mkia akamwinua.

"Hii kitu ina macho."

Nikamwambia, "Hata nyenje alikuwa na macho, Mzee, na mwenzako amemeza."

Akacheka. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alikula omena wale, si wote, lakini alikula.

Tangu hapo televisheni ikawa inaongea peke yake. Tulikaa kando ya sanduku kila jioni baada ya kazi na Mzee akanisimulia mambo. Jinsi alivyojua kila ng'ombe wake kwa pembe na mwendo, hata akimwona kwa mbali kwenye ukungu. Jinsi ya kujua mahindi yamekauka kwa kuyauma. Kidonda kikaanza kufunga. Nesi wa clinic aliniuliza tunampa nini, nikaona aibu kusema.

Nilimpenda yule Mzee. Nasema hivyo kwa sababu sikumwambia.

Mwishoni mwa mwezi wa sita nikaona kwenye kizibo cha soda kuna kitu cheupe chenye majivu majivu. Mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Mzee alikuwa akimdondoshea mjusi maziwa kutoka kikombe chake mwenyewe.

Nilishtuka, maana tumbo la mjusi halikuumbwa kwa maziwa. Lakini utamkanyaje baba mkwe? Nikamtuma wife. Nikasema, mwambie Baba maziwa yatamuua huyo mjusi.

Wife alienda, akarudi anaangalia chini. "Amesema sawa."

Kesho yake kizibo kilikuwa na maji. Mzee alikunywa mursik wake ameelekea ukutani. Niliona, nikapita. Hapo ndipo ningemuuliza swali moja tu, na sikuuliza.

Subirini kidogo wakuu, wife ananiita.

Nimerudi. Alikuwa anataka nimfungulie debe la unga. Naona kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini sikununua tu paka. Ngoja nimalize, utaelewa.

Mwezi wa saba Mzee alitakiwa kulazwa siku mbili kwa ajili ya mguu. Wife akaenda naye. Mlangoni Mzee akanigeukia akasema, "Mlishe vizuri. Asilale njaa."

Nikamlisha vizuri. Nyenje wawili, panzi mmoja, na nondo wa kumalizia, zaidi ya siku zote, kwa sababu niliachiwa mimi. Halafu nikarudi kazini.

Alasiri stima zikapotea plot nzima. Niliporudi jioni balbu ilikuwa baridi. Nikafunika sanduku kwa sweta yangu nikajua zitarudi sasa hivi. Zilirudi kesho yake saa nne.

Asubuhi nilimkuta amelala ubavu, tumbo limejaa, amekauka.

Nilikuja kusoma baadaye. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Akishiba halafu baridi imshike, chakula kinakaa tumboni hakisagwi, kinamwozea ndani. Kwa hivyo ni ile diet yangu iliyomuua. Ningemwacha na njaa siku ile labda angekuwepo.

Na sikuwaza mjusi, wakuu. Niliwaza sahani. Niliona Mzee amerudi, ameuliza "huyo amekula?", na sahani imesukumwa tena.

Nikamtia kwenye karatasi ya mkate. Nikamtupa kwenye pipa la takataka la plot. Lori huwa linapita Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kazini, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, nikashika mjusi mwingine wa saizi ile ile, rangi ile ile. Tofauti ni kwamba huyu mkia alikuwa nao. Nikasema mkia wa mjusi huota tena, kila mtu anajua.

Mzee alirudi Ijumaa. Hakukaa hata kwanza, alienda moja kwa moja kwenye sanduku akainama. Aliangalia kwa muda mrefu.

Nikasema, "Mkia umeanza kuota, Mzee."

Mkia mzima, kwa siku mbili. Hata sasa nikikumbuka uso unaniwaka.

"Sawa, sandana," akasema. Akaenda mezani.

Jioni hiyo alikula kila kitu. Kesho yake pia. Mboga, omena, ugali wa ngumi moja, hakuchagua na hakubakisha. Mjusi mpya naye hakuwa mchaguzi, ukimpa funza anakula, ukimpa panzi anakula. Nilitembea na kifua mbele. Nikamwambia wife tumeshinda. Akasema ndiyo, akaenda kuosha vyombo.

Kuna kitu sikukiona. Mzee hakuuliza tena kama mjusi amekula. Hata siku moja. Na hadithi za ng'ombe ziliisha, tukarudi kwenye taarifa ya habari. Nilidhani ni uchovu wa mguu.

Mwezi wa tisa alianguka bafuni. Pressure, walisema. Hakumaliza wiki. Tulimzika Ziwa kando ya mkewe, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani bila mwenyewe wa kuyauma. Mpaka jioni ya mwisho nyumbani kwetu sahani yake ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunakunja nguo zake, mimi na wife. Yeye amekaa kitandani na ile kofia mkononi. Akasema bila kuniangalia, "Baba alijua siku ile ile."

Nikauliza alijua nini, ingawa nilishaelewa.

Jioni ile ya Ijumaa Mzee alimwita jikoni akamwambia kwa lugha yao: bwana yako amebadilisha mjusi. Usimwambie nimejua. Amehangaika sana na mimi. Mimi nitakula tu.

Nikasema alijuaje. Wife akaniangalia kama mtoto wake wa chekechea. Mtu aliyejua ng'ombe wake kwenye ukungu.

Halafu akanieleza lile ambalo sikuwahi kuuliza. Wazee wa zamani wa kwao, nyoka akiingia nyumbani mwenyewe akapanda kitandani, hauawi. Anamwagiwa maziwa. Ni mtu wa nyumba hiyo aliyekufa, amekuja kuwaona. Mzee alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kusimama mbele, asingelisema hilo mbele ya mkwe. Lakini mjusi, ingawa si nyoka, alikuja mwenyewe kitandani, akaanguka upande wa ukutani, na kwa miaka yote ya ndoa yao huo ndio upande aliokuwa akilala mama.

Na wale wawili hawakuwahi kula peke yao. Mama akiwa bado anakamua, sahani ya Mzee inakaa mezani. Watoto wakimwambia ale kabla ugali haujapoa, anajibu atangoja.

Basi na mimi nitangoja. Alisema mbele yangu, nikasikia, nikaenda kusoma habari za calcium.

Nilikuwa nimemkataza mtu kumpa mkewe maziwa. Na zile siku nilizotembea na kifua mbele kwa sababu sahani ni safi, Mzee alikuwa anakula peke yake, kwa ajili yangu.

Msiniulize kama naamini kwamba mjusi alikuwa mama mkwe. Mimi ni Mkristo, na siwezi kusema naamini. Najua tu kwamba yeye alikuwa na mtu wa kula naye, halafu hakuwa naye, na katikati hapo nilikuwa mimi.

Kwa wafugaji: badilisheni wadudu, wawekeeni calcium, na hakikisheni joto kabla ya kulisha. Stima zikienda, usilishe.

Kwa mwenye mzee nyumbani anayesukuma sahani: kabla hujamuuliza anapenda kula nini, muulize alizoea kula na nani. Hilo swali halimo kwenye karatasi ya clinic.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo.

Siku ile ya kukunja nguo, wife aliniambia kuna jambo moja Mzee alitaka kujua, akaona haya kuniuliza. Alitaka kujua yule wa kwanza nilimweka wapi.

Nikasema chini ya mti wa avokado, nyuma ya nyumba. Ilitoka tu mdomoni.

Wakuu, alinishika mkono. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyomwambia Baba. Nilimwambia wewe si mtu wa kutupa. Akalala vizuri siku hiyo."

Sasa kila Jumapili tukitoka kanisani anabeba kikombe cha mursik mpaka pale kwenye avokado, anamwaga kidogo kwenye mizizi, anasimama. Wakati mwingine naona midomo inatembea. Mimi nabaki dirishani. Pale chini hakuna kitu.

Nimwambie, au ninyamaze? Waliooa wanishauri, na wenyeji wa huku zaidi, kwa sababu ninyi mnajua kitu hiki kina uzito gani. Hata wa kunitukana wakaribie, nitasoma zote.

Leo ni Ijumaa. Nilipoenda kumfungulia debe jikoni, nimeona kibuyu cha mursik wa Jumapili ameshakiosha, kimeinamishwa kikauke.